Kinga ya Kifua na Mgongo kwa Dereva wa Pikipiki: Namna ya Kuichagua Ukiwa Tanga

Alfajiri pale stendi ya Kange utawakuta madereva wa bodaboda wamevaa majaketi mazito kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usiwapige kifuani. Wengine wamejifunga kipande cha ngozi ya bandia kinachoshuka kutoka shingoni hadi tumboni. Nia ni njema, maana anayekimbiza pikipiki saa kumi na moja alfajiri anaogopa nimonia kuliko anavyoogopa gari. Ila kazi ya kipande kile ni upepo peke yake. Bajaji ikikukatizia na kifua chako kikatangulia kwenye usukani, hakitakusaidia kitu. Kinga ninayoizungumzia hapa ni nyingine, iliyobuniwa na kupimwa kwa ajili ya pigo.

Ninaandika kwa anayeendesha Tanga mjini, na kwa anayetoka kwenda Muheza, Pangani, Horohoro au kupanda Amani. Kinga inayofaa ni ile yenye lebo ya kweli ambayo wewe, kwa joto letu hili na kwa kazi yako, utaivaa kila siku. Nzito ya bei kubwa inayobaki nyumbani imetundikwa msumarini haijamkinga mtu.

Kwanza ujue inafanya nini

Mwili unapogonga kitu kigumu, kinachoumiza ni nguvu kubwa kufika kwa muda mfupi sana mahali padogo. Kinga huurefusha ule muda kidogo na kuitawanya nguvu eneo pana. Wapakiaji wa machungwa kule Muheza wanalijua hili kwa mikono yao: anayedaka chungwa lililorushwa kutoka juu ya gari huurudisha mkono nyuma kidogo, chungwa likatulia bila kumuumiza kiganja. Sentimita moja au mbili za povu maalumu hukufanyia hivyohivyo mbavuni.

Nyuma ya mbavu kuna mapafu, moyo na mshipa mkuu wa damu. Ubavu uliovunjika unaweza kutoboa pafu, na mtu akaishiwa pumzi huku kwa nje akionekana hana hata mchubuko. Ndiyo maana huniuma kumwona mtu amenunua kinga ya mgongo halafu kifua kiko wazi. Pikipiki ikigonga mbele, yenyewe husimama lakini mwili wa dereva unaendelea, na kinachokutana na usukani, kioo cha pembeni au bodi ya gari ni kifua. Mgongo huja baadaye, mtu akiisha kurushwa na kutua.

Sasa mipaka yake, maana sitaki mtu adanganyike. Kinga ya mgongo hupunguza pigo la moja kwa moja: ukingo wa barabara, jiwe, nguzo, karavati. Haiwezi kuzuia uti wa mgongo usipinde kupita kiasi wala usijisokote, na majeraha mengi ya uti hutokea kwa njia hizo. Shingo hailindi. Helmeti haiwezi kushika nafasi yake, na yenyewe haiwezi kushika nafasi ya helmeti. Kama helmeti yako imepasuka au imekatika mkanda, pesa ya kwanza iende huko. Baada ya hapo viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, na glavu. Kisha ndipo urudi hapa.

Hatua ya kwanza: tazama unapopita

Kaa chini ufikirie wiki yako ya kawaida. Anayezungukia Ngamiani, kwenye zile barabara za namba zinazokatana kila baada ya nyumba chache, hatari yake kubwa ni kugongwa ubavuni au kugonga anayechomoza: gari, bajaji, na baiskeli ambazo mji wetu umejaliwa nyingi. Mwendo ni mdogo lakini anavaa na kuvua mara nyingi kwa siku, na anasimama juani akisubiri abiria. Huyu anahitaji kitu chepesi cha kufunika kifua na mgongo pamoja, na kinachovalika kwa haraka.

Anayeshika barabara kuu ya Muheza hadi Segera ni habari nyingine. Huko kuna malori, yakiwemo ya saruji yanayotoka Pongwe, kuna mabasi, na mwendo ni mkubwa. Kwa njia hiyo mimi ningechukua kinga ya mgongo ya daraja la juu inayofunika mgongo wote, pamoja na ya kifua, chini ya jaketi linalobana vizuri.

Wa Amani, na wote wanaoingia vijijini kwa njia za vumbi, wanaanguka zaidi ya wanavyogonga. Kona kali, kokoto, utelezi wa masika, mawe yanayoruka kutoka gurudumu la mbele. Hapo ndipo watu hupenda yale magamba magumu ya plastiki ya wacheza motokrosi, yaani mbio za pikipiki za njia za udongo, na hapo ndipo penye mtego mkubwa. Nitaueleza kwenye lebo.

Hatua ya pili: zijue aina zilizopo

Kipande cha kuchomeka ni bapa la povu linaloingia kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, mgongoni au kifuani. Ni nafuu, halionekani, na unaweza kulihamisha kutoka jaketi moja hadi jingine kama mifuko inalingana. Kasoro yake ni kwamba linategemea jaketi. Jaketi likiwa pana, ukianguka kipande kinahama, na mahali palipogonga panakuwa hapana kitu.

Kinga ya kujifunga ina mikanda ya mabegani na mkanda mpana kiunoni. Hii hubaki mahali pake hata jaketi likipanda, na unaweza kuivaa chini ya nguo yoyote. Kwa mgongo peke yake ndiyo naiamini zaidi.

Kizibao chenye kinga za kifua na mgongo kwa pamoja hufungwa kwa zipu mbele au ubavuni, na mwili wake huwa wa kitambaa cha wavu. Ukiniuliza dereva wa Tanga aanze na nini, nitakujibu hiki, mradi lebo zake zote mbili ziwepo. Unavaa mara moja, umemaliza, na upepo unapita ubavuni.

Lipo pia shati zima la wavu lenye kinga za mabega, viwiko, kifua na mgongo. Ni zuri kwa safari ndefu. Kwa kazi ya siku nzima mjini linachosha, na kulifua ni shughuli.

Kisha kuna vizibao vya hewa, ambavyo hujaa gesi mara unapotengana na pikipiki. Vile vya kamba huunganishwa na pikipiki kwa kamba inayong'oa kifyatuo, na vina kiwango chake cha Ulaya, EN 1621-4. Vinafanya kazi kweli. Lakini kila kinapofyatuka kinahitaji kichupa kipya cha gesi, na aliyeshuka kwa haraka akasahau kuchomoa kamba anaweza kukifyatua bure. Kama huna uhakika wa kupata vichupa hivyo, bakia kwenye povu.

Hatua ya tatu: soma lebo ya ndani

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Muuzaji atakuambia, "Kaka, hii orijino, ina CE." Mjibu kwa upole, "Sawa kaka, nionyeshe lebo ya kwenye kinga yenyewe." Fungua mfuko wa ndani wa jaketi, toa kipande, kigeuze. Alama ya CE, ambayo ni ya kukidhi masharti ya Ulaya, peke yake haikuambii kilipimwa kwa ajili ya nini. Na ile kadi inayoning'inia kwa uzi kwenye mkono wa jaketi inaweza kuwa inazungumzia kitambaa tu.

Unachotafuta kwa mgongo ni namba ya kiwango cha Ulaya, EN 1621-2. Toleo lake la mwaka 2014 ndilo utakaloliona kwenye nyingi. Pembeni yake huwa na mchoro wa mtu juu ya pikipiki, jina la mtengenezaji, kipimo cha mwili, na daraja, 1 au 2. Namna inavyopimwa ni hivi: chuma cha kilo 5 huangushwa juu ya kinga kutoka kimo cha takribani mita moja, nishati ya jouli 50, na chini yake kuna kifaa kinachosoma nguvu iliyopenya. Ili ipewe daraja la 1, wastani wa nguvu iliyopenya usizidi kilonewtoni 18, na pigo lolote moja lisizidi 24. Kwa daraja la 2, wastani usizidi 9 na pigo moja lisizidi 12. Kilonewtoni 9 ni sawa na uzito wa karibu kilo 900 kwa kufumba na kufumbua, na 18 ni mara mbili yake. Kwa hiyo tofauti ya daraja la 1 na la 2 ni nusu ya nguvu inayoufikia mgongo wako. Ukiweza kulipia daraja la 2, lipia.

Kwenye lebo hiyohiyo kuna herufi. FB maana yake inafunika mgongo wote pamoja na eneo la mafupa ya mabega. CB ni mgongo wa kati, yaani uti na pembeni yake kidogo. LB ni kiuno peke yake. Vipande vingi vya kuchomeka ni CB. Mkanda wa kiunoni wenye LB usiuhesabu kuwa kinga ya mgongo, hata ukiwa mpana na unapendeza.

Kwa kifua namba ni EN 1621-3, ya mwaka 2018. Kiwango hiki kinapima kupunguza pigo na pia kulitawanya. Herufi C ni kinga ya kipande kimoja kinachofunika kifua chote. DC ni ile iliyogawanywa vipande viwili, kulia na kushoto, na hutoshea vizuri kwenye jaketi la zipu ya mbele. Akina dada wengi wanaiona DC ina nafuu zaidi kuivaa, kwa sababu haikandamizi.

Sasa ule mtego wa magamba ya motokrosi. Mengi yana lebo ya EN 14021. Hicho ni kiwango halisi cha Ulaya, lakini kinahusu mawe madogo na vifusi vinavyorushwa na pikipiki iliyo mbele. Hakipimi mwili kugonga usukani wala kutua kwenye mwamba. Gamba linaonekana la kivita, mtu analivaa kwa kujiamini, na kumbe limepimwa kwa kokoto. Ukilipenda kwa njia ya Amani, tafuta lile lenye EN 14021 pamoja na EN 1621-3 mbele na EN 1621-2 nyuma. Yapo.

Mtego wa pili ni EN 1621-1. Hiyo ni ya viungo: mabega, viwiko, magoti na nyonga. Wastani wa nguvu inayoruhusiwa kupenya humo ni kilonewtoni 35 kwa daraja la 1 na 20 kwa daraja la 2. Bega linaweza kustahimili kiasi hicho, uti wa mgongo hauwezi. Kipande cha goti kilichochomekwa kwenye mfuko wa kifua hakiwi kinga ya kifua.

Na wa tatu, ambao hata watu wazoefu hawaujui: jaketi linaweza kuwa limefaulu kiwango cha nguo za pikipiki, EN 17092, likapata daraja zuri la A, AA au hata AAA, na bado likaja bila kinga yoyote ya mgongo, kwa sababu kiwango hicho hakilazimishi kinga ya mgongo. Watengenezaji hushona mfuko, ndani wakaweka sponji laini ili ujae. Ukiuminya kwa vidole viwili vikakutana, hapo hapana kinga. Litoe, pima urefu na upana wa mfuko, kisha tafuta kipande chenye EN 1621-2 kinachoingia humo.

Hatua ya nne: pima mwili wako

Ukubwa wa kinga ya mgongo haufuati saizi ya shati. Hufuata urefu kutoka kiunoni hadi begani, na lebo huutaja kwa sentimita. Mwombe mwenzako ashike futi ya fundi cherehani. Simama wima bila kuvimbisha kifua. Aanzie kwenye mstari wa kiuno, usawa wa kitovu kwa nyuma, apandishe hadi juu ya bega karibu na shingo. Namba hiyo iandike kwenye simu. Mtu mrefu wa miguu anaweza kuwa na mgongo mfupi kuliko rafiki yake mfupi, kwa hiyo usinunue kwa kukadiria kwa macho, wala usimnunulie mtu zawadi bila kipimo.

Kipimo cha kifua chukua chini ya makwapa, ukiwa umevuta pumzi.

Hatua ya tano: ijaribu ukiwa umekaa kwenye pikipiki

Dukani watu hujaribu wamesimama mbele ya kioo. Haitoshi. Omba uketi kwenye pikipiki yako hapo nje, helmeti kichwani, mikono kwenye usukani. Muuzaji mwenye nia njema hatakukatalia.

Inua uso utazame juu. Kama helmeti inagonga ncha ya juu ya kinga, ni ndefu mno, na katika ajali ncha hiyo itaisukuma helmeti. Geuza kichwa kulia na kushoto kana kwamba unaangalia anayekuja nyuma. Inama mbele hadi kidevu kikaribie usukani. Kinga ya kifua isikuchome kooni. Kisha kaa kama unavyokaa siku zote. Kwenye Boxer au TVS unakaa wima, na ncha ya chini ya kinga ndefu inaweza kugusa siti na kusukuma kila kitu juu. Ukiona mikanda ya mabegani inainuka, punguza saizi.

Vuta pumzi hadi mwisho. Kifua kibanwe kiasi cha kuisikia kinga ipo, pumzi isikatike. Mwisho mwambie mwenzako ashike kinga kwa mikono miwili ajaribu kuizungusha kulia na kushoto, kisha kuipandisha. Ikihama zaidi ya upana wa vidole viwili, kaza mikanda. Ikiendelea kuhama, iache.

Hatua ya sita: joto na jasho

Dereva wengi wa hapa wanaacha kuvaa kinga kwa sababu moja tu, nayo ni joto. Sina ubishi nao. Februari na Machi, hewa nzito ya baharini, mchana saa nane pale Chumbageni, hata fulana ni mzigo. Lakini mambo mengi yanarekebishika.

Chagua povu lenye matundu yanayopenya hadi upande wa pili. Inua kipande uelekeze kwenye mwanga. Ukiuona mwanga, hewa itapita. Ndani vaa fulana nyepesi ya michezo inayokauka haraka badala ya pamba nzito inayolowa na kung'ang'ania mwilini. Juu, shati pana au jaketi la wavu. Kile kizibao cha kuakisi mwanga kiwe juu ya vyote, na kiwe kipana cha kutosha kufungika bila kubinya kinga.

Kuna jambo jingine la joto ambalo ni la usalama wenyewe. Mapovu ya kisasa, yale ambayo ni laini ukiyakunja taratibu lakini yanakuwa magumu yakipigwa ghafla, hubadilika na joto: yakipata moto hulainika, yakipata baridi hukakamaa. Kwa hiyo tafuta alama ya T+ kwenye lebo. Maana yake kinga ilipimwa pia ikiwa na joto la nyuzi 40 na ikafaulu. T- ni kipimo cha baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, hiyo sisi haituhusu hata wa Lushoto. Kipimo cha T+ ni cha hiari, mtengenezaji anaweza asikifanye. Nikiwa na kinga mbili za bei moja na daraja moja, moja ina T+ na nyingine haina, sisiti hata kidogo.

Na usiiache juu ya tangi la mafuta wakati unakunywa chai. Plastiki na povu huchakaa kwa jua hilo, na utaivaa ikiwa moto na laini.

Hatua ya saba: fikiria abiria, begi na mifuko

Dereva wa bodaboda habebi mgongo wake peke yake. Ukifunga breki, uso wa abiria unakuja mgongoni kwako, na mara nyingi yule abiria hana helmeti au ana mtoto katikati. Gamba gumu la plastiki lililo nje ya nguo litampiga meno au pua. Kwa hiyo anayebeba abiria achague povu laini lisilo na gamba, na alivae chini ya shati au jaketi. Kwa jambo hili siwezi kulegeza: bora povu la daraja la 1 linalomstahi abiria kuliko gamba la kutisha.

Angalia pia ulichobeba mwenyewe. Begi la mgongoni lenye spana, kufuli au chupa ya chai ya chuma ni chuma kati yako na lami. Vifaa vihamie kwenye boksi la nyuma au chini ya siti. Mfuko wa kifuani uwe mtupu: funguo, simu, kalamu, kitambulisho cha plastiki ngumu, vyote viende mfuko wa suruali wa pembeni au kwenye boksi. Pigo likitua juu ya funguo, nguvu yote hupita kwenye ncha yake, na kinga iliyo chini inapewa kazi ambayo haikupimiwa.

Wapi pa kuipata, na fundi anaingia wapi

Maduka ya vipuri hapa mjini huwa na helmeti na glavu zaidi ya kinga za mwili. Wengi huagiza kutoka Kariakoo, wengine hupitisha Horohoro kutoka Mombasa. Kabla ya kutuma pesa, omba picha ya lebo ya ndani, namba zisomeke. Anayekutumia picha ya mbele tu mara tatu mfululizo amekwisha kukujibu.

Mitumba nayo ina bahati zake. Kwenye marobota hujitokeza majaketi ya pikipiki kutoka Ulaya yenye kinga halali ndani. Toa kila kipande, soma lebo, tafuta tarehe ya kutengenezwa. Watengenezaji wengi hushauri kubadilisha kinga baada ya miaka mitano hivi. Kinga yenye toleo la 2003 la EN 1621-2 ilipimwa kweli enzi zake, ila povu lake ni la zamani, na hujui lilishagonga nini. Likunje: likitoa unga, likipasuka au likibaki na alama ya kidole, mwachie mwenyewe.

Fundi cherehani anaweza kukusaidia sana kwa kitu kimoja: kukushonea kizibao cha turubai jepesi au jinzi chenye mifuko inayokibana kipande halali kisihame, kimoja nyuma na viwili mbele, pamoja na mkanda wa kiunoni. Mpelekee kinga zenyewe akate mifuko kwa vipimo vyake. Asizitoboe kwa sindano, wala asizipunguze kwa mkasi ili ziingie.

Asikutengenezee kinga yenyewe kwa sponji la godoro. Nimeona vizibao vya namna hiyo, vimeshonwa kwa ustadi kabisa. Sponji la godoro hujibana lote mara moja kwa nguvu ndogo, na pigo lililobaki linafika mwilini kana kwamba hapakuwa na kitu. Bati au ubao ndani yake ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hukunjika na kuwa na makali. Na usidanganywe na muuzaji anayejipiga ngumi kifuani kukuonyesha ubora. Ngumi yake haiwezi kukutenganishia kilonewtoni 9 na 30.

Kuhusu pesa, kinga halali ya kifua na mgongo inaweza kuonekana kubwa kwa mtu anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni. Kijiweni mkicheza upatu, pangeni mzunguko mmoja uwe wa kinga: kila wiki mmoja ananunua, na wenzake wanakwenda naye kusoma lebo. Mkiagiza kumi pamoja muuzaji wa jumla hushuka bei, na kupimana migongo kunakuwa rahisi. Usipoweza vyote kwa mara moja, anza na kizibao chenye kifua na mgongo vya daraja la 1, uvae kila siku, kisha ubadilishe kipande cha mgongo uweke cha daraja la 2 ukipata.

Matunzo, na wakati wa kuitupa

Jasho na chumvi ya bahari huila mikanda na vifungo kabla ya povu. Toa vipande, fua kizibao kwa maji ya kawaida na sabuni laini, suuza vizuri, anika kivulini. Povu lenyewe lifute kwa kitambaa chenye maji, usilitie kwenye dawa ya madoa, usiliguse kwa petroli au dizeli, usilipige pasi. Mikanda ya kunata isafishe nyuzi zilizojikusanya kwa sindano, maana ikijaa uchafu inaachia bila kukuambia. Kila mwezi kagua mshono unaoshika mkanda wa kiuno.

Ukiwa umeanguka kwa nguvu, hata kama umeinuka mwenyewe, kwanza ushughulikie mwili. Maumivu ya kifua yanayozidi unapovuta pumzi, pumzi fupi, kukohoa damu, ganzi ya mikono au miguu: nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Ukimkuta mwenzako amelala chini amevaa kinga na anapumua, usimkalishe wala usimvue kwa pupa. Mwacheni amelala, shikeni kichwa na shingo visitikisike, na mwambieni mhudumu wa afya kwamba ndani amevaa kinga, ili mikanda ikatwe bila kumgeuzageuza.

Kisha kinga yenyewe. Yenye gamba la plastiki au povu gumu jepesi linalovunjika likipigwa imemaliza kazi yake kwa pigo moja zito, hata ufa usipoonekana. Povu laini linaloweza kurudi umbo lake lichunguze chini ya mwanga: ukiona bonde lililobaki, mpasuko au sehemu nyembamba kuliko nyingine, nalo limekwisha. Usimpe deiwaka wako kwa kumwonea huruma, atavaa akidhani amekingwa. Ikate kwa kisu vipande viwili kabla hujaitupa, ili isiokotwe ikafutwa vumbi na kurudi kuuzwa.